Samaki Mmoja Akioza

Barua ilifika kwenye seva yangu Alhamisi moja, saa nne na dakika kumi na saba asubuhi. Ilikataliwa kabla haijasema neno. Saa nne na nusu ikaja tena, ikakataliwa. Saa nane mchana ikaja mara ya tatu, ikakataliwa vilevile. Kesho yake jioni, muda wa kutuma maombi ya karo ukaisha.

Mimi nilikuja kujua wiki tatu baadaye, nikiwa natafuta kitu kingine kabisa kwenye daftari la seva. Seva huandika kila kitu: nani amebisha, saa ngapi, amefunguliwa ama amefukuzwa. Hapo katikati ya mamia ya matapeli wa kila siku nikaona anwani ya shule moja ya sekondari kule upande wa Mwingi, mara tatu, na kando yake nambari 554. Kwa lugha ya seva, hiyo maana yake ni: hapa huingii, na usijisumbue kurudi. Sheria iliyotoa hiyo nambari niliiandika mimi, kwa mkono wangu, nikiwa na furaha.

Tangu siku hiyo kuna swali limekataa kuniachilia. Ni haki kumfungia mtu mlango kwa sababu ya mahali anapotokea, hata kama wengi wanaotokea hapo kweli ni wezi?

Wacha nianze mwanzo. Mimi si injinia. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Sikupenda, karo ilikataa tu. Siku hizi naandika: makala, maelezo ya bidhaa, hotuba za watu ambao hawataki ijulikane hawakuziandika. Maandishi yakikosa kulipa kodi ya nyumba, natengeneza kompyuta za watu. Ndivyo nilivyopata kazi ya chama kimoja cha wafanyabiashara wa Kitui walioko Nairobi. Wana mfuko mdogo wa kuwalipia watoto wa kwao karo, na wana seva yao ya barua pepe, ambayo mimi ndiye mlinzi wake. Mlinzi wa usiku, naweza kusema, kwa sababu mchana niko na shughuli zangu.

Mweka hazina wao ni mzee mmoja mpole sana. Mwaka juzi alipata barua pepe iliyoonekana kutoka kwa shule: akaunti yetu ya benki imebadilika, tafadhali tumeni karo huku. Nembo iko, jina la mwalimu mkuu liko, hata Kiingereza ni kile cha mwalimu mkuu. Mzee alikuwa ameshajaza fomu ya kutuma shilingi 84,000 ndipo akanipigia kuniuliza jambo dogo kuhusu printa. Tukashtukia hivyo, kwa bahati. Sauti yake ilikuwa inatetemeka.

"Kijana wangu," aliniambia, "hizo pesa ni za watoto. Funga huo mlango."

Nikaufunga. Kwanza niliandika kwenye fomu ya maombi kwamba barua ya shule lazima itoke kwa anwani rasmi ya shule, si hizi za bure ambazo mtu yeyote anafungua kwa dakika mbili. Kisha nikaongeza mistari mitatu kwenye mipangilio ya seva. Kila mstari ulitaja orodha moja ya marufuku, yaani orodha ya anwani za IP zinazojulikana kwa kutuma barua taka. Kuanzia siku hiyo, anayebisha kutoka anwani iliyoandikwa humo anafukuzwa.

Matokeo yalikuwa kama miujiza. Sanduku lililokuwa linajaa mamia ya takataka kila asubuhi likabaki na chache tu. Mzee alininunulia pilau. Mimi nikajiona mtu.

Ujanja wenyewe ni rahisi, na ni vizuri uuelewe, kwa sababu swali lote liko ndani yake. Tuseme anayebisha ametoka anwani ya 192.0.2.25. Seva yangu inaigeuza nyuma mbele, 25.2.0.192, inabandika jina la orodha mwishoni, halafu inauliza DNS, ile huduma ya intaneti inayogeuza majina kuwa nambari. Likirudi jibu kama 127.0.0.2, basi anwani imo kwenye orodha. Jibu likiwa hakuna jina kama hilo, apite. Yote yanaisha kabla hujapepesa jicho. Na yanafanyika wakati barua yenyewe bado haijatumwa. Mlinzi ameona bahasha tu: kutoka kwa fulani, kwenda kwa fulani. Ndiyo maana mpaka leo sijawahi kusoma barua ya yule mwalimu wa Mwingi. Haipo popote kwangu. Daftari limehifadhi tu kwamba alikuja.

Sasa, kabla hujawalaani waliobuni haya mambo, wasikilize kwanza. Barua taka ya kwanza inayojulikana ilitumwa Mei 1978 na Gary Thuerk, mfanyabiashara wa kompyuta Marekani, kwa watu kama 400 kwenye mtandao wa ARPANET. Watu walikasirika, lakini kompyuta chache ziliuzwa, na somo likaeleweka: kumwandikia mtu mmoja na kuwaandikia watu milioni moja kunagharimu karibu sawa. Anayelipa ni anayepokea. Ni seva yake, ni bando lake, ni muda wake, na ikiwa ni mzee wa watu, ni akiba ya watoto. Kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya barua pepe zote duniani zilikuwa taka. Paul Vixie na wenzake walianza orodha yao huko Marekani mwaka 1997. Mwaka uliofuata Steve Linford akaanzisha Spamhaus, London. Hoja yao ilikuwa fupi: seva ni yangu, mlango ni wangu, na hakuna mtu ana haki ya kuingia kwangu bila ruhusa.

Hiyo hoja mimi naikubali. Mwenye nyumba hadaiwi sababu kwa kutomfungulia mgeni. Nikifikiria ile sauti ya mzee kwenye simu, naikubali mara mbili.

Shida inaanza pale tunaposahau kwamba anwani si mtu.

Anwani za IP za aina ya zamani, zile ambazo bado zinabeba barua nyingi, hesabu yake ni kama bilioni 4.3. Watu duniani ni zaidi ya bilioni 8, na kila mmoja anataka simu, kompyuta, na tovuti ya biashara. Hazitoshi. Kwa hivyo tunazigawana, na anayelipa kidogo anagawana na wengi zaidi. Tovuti ya shule inayolipiwa shilingi elfu chache kwa mwaka inakaa kwenye seva moja na mamia ya tovuti zingine, zote na anwani moja. Ni plot. Ukiwa umewahi kukaa plot yenye mita moja ya stima, unajua: mpangaji mmoja asipolipa, nyote mnakaa giza. Hamjui anaitwa nani. Mnamjua tu kwa redio yake.

Ndivyo ilivyokuwa kwa ile shule. Nilimtafuta fundi aliyewatengenezea tovuti, naye akaniambia kwamba wiki ileile duka fulani la mtandaoni kwenye seva hiyohiyo lilivamiwa. Wadukuzi walipitia programu ambayo haikuwa imesasishwa, wakaanza kurusha matangazo ya dawa bandia usiku kucha. Orodha ikaona, ikaandika anwani. Orodha haikukosea, na hapo ndipo panauma. Ilisema ukweli mtupu: kutoka anwani hii kunatoka barua taka. Ukweli huo ukamwangukia mwalimu ambaye hajawahi kutuma taka maishani mwake.

Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Nimeisikia hiyo methali tangu shule ya msingi, kila mara ikitolewa na mwalimu mwenye kiboko, darasa zima likisubiri kuchapwa kwa sababu ya mmoja aliyepiga mluzi. Siku hizi najiuliza kama wahenga walikuwa wanatoa hukumu, ama walikuwa wanaeleza tu jinsi mnunuzi anavyofikiria akisimama mbele ya kapu. Mnunuzi hana muda wa kunusa samaki mmoja mmoja. Anapita. Ni haki yake kupita. Lakini kupita kwake hakumuozeshi yule samaki mzima.

Kuna waliojua hili na wakalifanya kusudi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na orodha iliyoitwa SPEWS, ikiendeshwa na watu ambao hawakujitambulisha. Kampuni ikikataa kumfukuza mteja anayetuma taka, SPEWS ilipanua marufuku mpaka kwa majirani zake wasio na hatia, ili majirani wapige kelele na kampuni iogope kupoteza wateja. Mpaka leo UCEPROTECT wana daraja la tatu, ambapo wanaweza kuorodhesha mtandao mzima wa kampuni kwa sababu ya baadhi ya anwani zake. Mantiki yake haifichwi: kama unaishi kwa wezi, hama.

Na tuseme ukweli, kuna wakati inafanya kazi. Zipo kampuni zilizokula pesa za matapeli bila haya, na hakuna kilichozigusa mpaka wateja wao wengine walipoanza kuondoka. Nimejaribu kuipinga hii hoja na siwezi kusema ni ya kijinga. Ila ina neno moja ndani yake linalonikwaza: hama. Nimekaa Kayole miaka mingi. Nimewahi kuulizwa kwenye mahojiano ya kazi, "Unatokea wapi?" na nikaona uso wa anayeuliza ukifunga kama duka saa mbili usiku. Nimeona madereva wa teksi wakikatiza safari wakishajua tunaelekea wapi. Nimepangwa ukutani na polisi kwa kosa la kuwa kijana barabara fulani saa fulani. Kila mara mtu mwenye busara ananiambia nihame. Nihame na nini?

Anayeweza kuhama ndiye hasumbuliwi. Zile kampuni kubwa za barua pepe ambazo sote tunatumia pia zinapitisha taka, nyingi tu, naziona kila siku. Lakini nani atathubutu kuzifungia? Ukizifungia wewe ndiye umejifungia. Kwa hivyo sheria ileile inayomkamata mpangaji wa plot inampigia saluti mwenye ghorofa, na barua za wote wawili zinaweza kuwa na uchafu uleule.

Kisha kuna suala la nani anawajibika. Mwaka 2006 kampuni ya Marekani iitwayo e360 Insight iliwashtaki Spamhaus huko Illinois kwa kuiorodhesha. Spamhaus walisema wao wako Uingereza na mahakama hiyo haiwahusu, wakaacha kujitetea, wakahukumiwa kulipa dola milioni 11.7. Rufaa ziliendelea mpaka 2011, na mwishowe mahakama ikapunguza hadi dola 3. Tatu, hujasoma vibaya. Mimi sina huruma na mashtaka yale. Lakini kesi kama hizo zinanifanya nifikirie mlolongo wa maneno. Ukimuuliza mwenye orodha, atakwambia: mimi sijamfungia mtu, nimetoa maoni yangu tu, waulize wenye seva. Ukimuuliza mwenye seva kama mimi, atakwambia: mimi sijachagua mtu, ni orodha. Ukiuliza kampuni ya seva: ni mteja mmoja alivamiwa. Kila mtu amesema kweli. Na mwalimu bado yuko nje.

Hili si jambo la kompyuta peke yake. Rafiki yangu alikopa shilingi 700 kwa simu, akachelewa, jina likapelekwa CRB. Miezi kadhaa baadaye kazi aliyokuwa ameshaipata ikamponyoka kwa sababu hakuwa na cheti safi. Orodha iliyotengenezwa ili mkopeshaji ajue nani halipi, ilikuwa sasa inatumiwa na mwajiri kujua nani ni mtu mzuri. Mwaka 2020 sheria ilibadilishwa, madeni ya chini ya shilingi 1,000 hayaruhusiwi tena kumpeleka mtu huko. Ni vizuri. Na angalau deni lilikuwa lake mwenyewe, si la mpangaji mwenzake. Lakini tabia ya orodha ni ileile: ikishaandikwa, inatembea. Inafika mahali ambapo aliyeiandika hakuwahi kupafikiria, mikononi mwa watu wasio na muda wa kuuliza jina limeingiaje humo.

Nilipiga simu kwa ile shule. Mwalimu aliyepokea ndiye aliyeituma barua.

"Mwalimu, shikamoo. Ni mimi wa ile fomu ya karo, chama cha Nairobi."

"Marahaba. Tulingoja mpaka tukachoka. Mlisema mtajibu."

"Mwalimu, barua yenu haikufika. Seva yetu iliikataa. Kuna jibu lolote mliloliona?"

Akanyamaza kidogo. "Kuna kitu kilirudi, Kiingereza na nambari nambari. Tulidhani ni hao matapeli. Mlituonya tusibonyeze vitu."

Kweli tuliwaonya. Mimi ndiye niliyeandika hilo onyo.

Nikamuuliza kuhusu mwanafunzi. Alisema msichana alirudi nyumbani muhula ulipoanza, anamsaidia mamake sokoni. Alisema bila lawama, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Nilimshukuru, nikakata simu, nikaenda kuiuliza ile orodha tena kuhusu anwani yao. Jibu: hakuna jina kama hilo. Ilikuwa imeshatolewa, pengine zamani. Duka lililovamiwa lilisafishwa, anwani ikasamehewa yenyewe. Msichana hakuna mashine iliyomkumbuka.

Nilienda mbele ya kamati nikaeleza. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Mzee wa hazina akanishika bega. "Si wewe, kijana wangu. Ni mashine."

Jamani, nilitaka sana kukubali. Alikuwa amenifungulia mlango wa kutokea, mpana, wenye kivuli. Lakini mimi nimewahi kusimama upande ule mwingine. Mwaka ule wa tatu niliandika barua chuoni kuomba nipewe muda wa kumaliza karo. Sikujibiwa. Mpaka leo sijui kama ilisomwa ikakataliwa, au haikusomwa kabisa. Nimegundua kwamba hayo mawili hayafanani. Kukataliwa baada ya kusikilizwa unaweza kuishi nako. Lile lingine linakuacha ukijiuliza kama ulisema kweli, ama uliota umesema.

Kwa hivyo nilimwambia mzee: mashine ilifanya nilichoiambia. Nilichoiambia kilikuwa kwamba kosa likitokea, alipe mtu mwingine. Nilipanga mlango ili mimi nisisumbuke kamwe, na gharama yote ya makosa yangu nikaipeleka Mwingi. Hapo ndipo nadhani penye dhambi yenyewe. Kumshuku mgeni anayetoka mahali penye wezi si kosa. Ni akili, na kuna watoto wa kulindwa ndani. Kosa ni kumshuku halafu usimpe njia yoyote ya kukuonyesha kwamba umekosea. Mwenye kufunga mlango ndiye anayepaswa kubeba uzito wa kuutazama tena, kwa sababu yeye ndiye aliyeko ndani, kwenye joto.

Orodha sikuzitupa. Mtu anayekwambia achana nazo kabisa hajawahi kumsikia mzee akitetemeka kwenye simu. Nilizishusha cheo. Zamani zilikuwa hakimu, sasa ni shahidi. Anwani ikiwa kwenye orodha, barua inapata alama mbaya, lakini inapokelewa na kusomwa na programu inayopima mambo mengine pia. Zikizidi alama fulani, haiendi kwa mzee; inawekwa kando kwenye folda yake. Anwani inayoonekana kwenye orodha zote tatu kwa pamoja bado naifukuza, ila jibu linalorudi sasa lina sentensi mbili za Kiswahili na nambari ya simu yangu. Na kila Ijumaa jioni nafungua ile folda naipitia mwenyewe, kwa macho. Inanichukua kama dakika 20. Hailipwi.

Si suluhisho kamili. Seva yenye watu milioni haiwezi kuweka kijana wa kusoma taka Ijumaa jioni. Najua. Lakini mimi sina watu milioni, na nilikuwa nikijificha nyuma ya ukubwa ambao sina. Wengi wetu tuko hivyo. Tunatumia kisingizio cha wenye milango mikubwa kufunga milango yetu midogo.

Kamati ilikubali kupokea maombi ya yule msichana kwa muhula unaofuata. Muhula mmoja alishaupoteza, na hakuna mpangilio wa seva unaoweza kuurudisha.

Ijumaa iliyopita folda ilikuwa na barua 143. Dawa za nguvu, urithi wa jenerali aliyekufa, akaunti za benki zilizobadilika. Zote taka. Nilizisoma mpaka ya mwisho.